Kifafa na Ndoa za Wanaume katika Bonde la Kilombero

Historia ya kifafa katika bonde la Kilombero na milima ya Ulanga imeandikwa zaidi kwa hesabu: wangapi huanguka, wangapi wameungua motoni, wangapi wamekufa maji. Upande wake mmoja umeguswa kidogo mno, nao ni maisha ya ndoa ya wanaume wenye ugonjwa huo: ruhusa ya kuoa, hamu na nguvu za tendo la ndoa, na uwezo wa kupata watoto. Mambo hayo yaliamuliwa na watu tofauti katika nyakati tofauti. Kwanza uliamua ukoo, kisha Kanisa na sheria ya nchi, na baadaye vikaja vidonge vya hospitali ambavyo viliugusa mwili wa mwanaume kwa namna aliyoelezwa kwa nadra.

Bonde hilo liko mkoani Morogoro. Kaskazini magharibi limepakana na milima ya Udzungwa, kusini mashariki na nyanda za juu za Mahenge, wilayani Ulanga, na katikati mto Kilombero hufurika kila masika na kuacha mbuga pana za mpunga. Ifakara ndio mji wake mkubwa. Wandamba walijulikana kwa uvuvi na mitumbwi, Wapogoro kwa kilimo cha milimani na bondeni, na pamoja nao wakaishi Wambunga, Wabena na Wahehe. Uchindile iko ukingoni kabisa, kusini magharibi, mahali ardhi inapoanza kupanda kutoka Mlimba kuelekea Mufindi na Njombe.

Maumbile ya nchi hiyo yana uzito katika habari hii. Kazi zilizomfanya kijana ahesabiwe kuwa mwanaume zilikuwa kuvua mtoni, kulinda mpunga usiku, kupanda miti kurina asali, kufyeka na kuchoma shamba. Kila moja ina maji, kina, kimo au moto, na hivyo ndivyo vinavyomuua au kumlemaza mtu anayeanguka bila kutarajia. Wazazi walimzuia kijana mwenye kifafa asiende mtoni wala shambani peke yake, na walikuwa na sababu. Lakini kijana asiyevua wala kulima alikosa cha kutolea mahari, na asiyetoa mahari hakuoa. Kabla hata mtu hajauliza kama mwili wake una nguvu za kiume, njia ya kwenda kwenye ndoa ilikuwa imekwisha kuzibwa.

Juu ya hilo ilikuwapo hofu ya kuambukizwa. Katika vijiji vya Wapogoro, kama ilivyokuwa katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, kifafa kilihusishwa na mizimu iliyokasirika, uchawi au mwiko uliovunjwa. Iliaminika pia kwamba kinahama kutoka mtu hadi mtu kwa mate, povu la mdomoni, mkojo, pumzi na hewa inayotoka tumboni. Mtu alipoanguka, waliokuwa karibu walijitenga. Aliyeangukia motoni aliweza kuachwa aungue, na kovu la moto likachukuliwa kuwa dalili kwamba ugonjwa wake hautibiki tena. Mgonjwa alipewa sahani yake, kikombe chake na mahali pake pa kulala. Mtu ambaye watu wanaogopa kula naye chungu kimoja hawezi kutarajiwa kushiriki kitanda na mke. Wazazi wa binti walipoletewa posa waliulizia ukoo wa kijana, na kifafa kilikuwa miongoni mwa mambo yaliyoweza kuirudisha posa ilikotoka.

Wapogoro hawakuwa peke yao katika kufunga kifafa na tendo la ndoa pamoja, na Ulaya ilifanya hivyo kwa jina la sayansi. Katika karne ya 18 daktari Tissot wa Uswisi aliandika kwamba kujichua huleta maradhi mengi, kifafa kikiwemo, na mawazo hayo yalitawala vitabu vya tiba kwa zaidi ya miaka mia. Dawa ya kwanza iliyosaidia kweli ilizaliwa ndani ya kosa hilohilo. Mwezi Mei 1857, katika mkutano wa madaktari jijini London, Charles Locock alieleza kwamba alikuwa akiwapa wanawake wenye kifafa potasiamu bromaidi. Aliijaribu kwa sababu alikuwa amesoma kwamba dawa hiyo huondoa nguvu za kiume kwa muda, naye aliamini kwamba ashiki ndiyo inayochochea kuanguka. Nadharia ilikuwa potofu, lakini bromaidi ilipunguza kuanguka kwa sababu inatuliza ubongo. Kwa zaidi ya nusu karne wanaume waliotibiwa kwa bromaidi walipoteza hamu, na madaktari wengi waliona hilo kuwa sehemu ya tiba. Tangu siku ya kwanza, basi, tiba ya kifafa haikuuona uanaume wa mgonjwa kuwa kitu cha kulindwa.

Sheria nazo zilifuata mkondo huo. Nchini Marekani majimbo 17 yalikuwa bado yanakataza watu wenye kifafa kuoa au kuolewa hadi mwaka 1956, na jimbo la mwisho lilifuta katazo hilo mwaka 1980. Nchini Ujerumani sheria ya mwaka 1933 ilikiweka kifafa cha kurithi katika orodha ya magonjwa ambayo wenye nayo walifungwa uzazi kwa nguvu. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 1937, iliruhusu ndoa ibatilishwe ikiwa mmoja wa wanandoa alikuwa na kifafa cha kujirudia wakati wa kufunga ndoa.

Kanisa Katoliki, ambalo ndilo lililojenga shule na hospitali nyingi za Ulanga na Kilombero, lilikuwa na kanuni yake. Wamisionari Wabenediktini waliingia Kwiro, karibu na Mahenge, mwanzoni mwa karne ya 20, na tangu mwaka 1921 eneo hilo likawa mikononi mwa Wakapuchini kutoka Uswisi. Kwa Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917, mwanaume aliyekuwa au aliyewahi kuwa na kifafa alizuiwa kupata daraja takatifu, na alitajwa katika kifungu kimoja na wenye wazimu na waliopagawa na pepo. Kifungu hicho hakikurudi katika Sheria mpya ya mwaka 1983. Maana yake kwa kijana wa Mahenge ni kwamba milango miwili ya heshima ilifungwa pamoja. Desturi ilimnyima mke, na Kanisa likamkatalia upadri, maisha pekee ambayo mwanaume asiye na mke aliheshimiwa ndani yake.

Mabadiliko yalianzia Mahenge. Mwaka 1960 daktari kijana kutoka Norwei, Louise Aall, ambaye baadaye alijulikana kama Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya kifafa katika eneo hilo. Aliona watu wenye kifafa wakiwa wengi kupita kiasi, akakadiria kuwa ni takriban 20 katika kila watu 1,000, kiwango kinachozidi mara mbili au tatu kile cha nchi nyingi. Alichapisha matokeo yake mwaka 1965. Aliona pia watoto ambao kabla ya kuanza kuanguka walikuwa wakiinamisha kichwa mara kwa mara kama wanaosinzia, jambo ambalo madaktari wa dunia walianza kulijadili kwa uzito miongo kadhaa baadaye. Kumbukumbu zake za miaka hiyo ya Afrika zilitoka mwaka 1979 katika kitabu Call Mama Doctor.

Dawa kuu ya kliniki ilikuwa fenobabitoni, iliyojulikana pia kwa jina la Luminal. Alfred Hauptmann wa Freiburg alikuwa ameonyesha mwaka 1912 kwamba inazuia kifafa. Kwa mazingira ya Mahenge ilifaa sana: ni rahisi kwa bei, inamezwa mara moja kwa siku, na haiharibiki upesi. Mgonjwa aliyekuwa akianguka kila wiki aliweza kukaa miezi bila kuanguka. Watu walipomwona mtu yuleyule akilima na kula na wenzake bila madhara, hofu ilianza kulegea, na baadhi ya waliotibiwa waliweza kuoa, kuolewa na kulea watoto. Hili linastahili kusemwa waziwazi kabla ya kueleza madhara ya dawa: kwa wanaume wa Ulanga, tiba ya kwanza ya maisha ya ndoa ilikuwa ni kuacha kuanguka. Hakuna dawa ya nguvu za kiume iliyowahi kuwafanyia zaidi ya hapo.

Ng'ambo ya mto, Ifakara ilikuwa ikijengeka kuwa kitovu cha tiba na utafiti. Wakapuchini walikuwa na Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, na mwaka 1957 Profesa Rudolf Geigy wa Basel alifungua maabara ya Taasisi ya Uswisi ya Magonjwa ya Tropiki, ambayo kwa hatua kadhaa imekuwa Taasisi ya Afya Ifakara ya leo. Malaria, malale na usubi vilichunguzwa hapo kwa bidii. Afya ya uzazi ya mwanaume haikuwa miongoni mwa maswali makubwa ya miaka hiyo, na kwa haki isemwe kwamba haikuwa swali kubwa popote barani.

Mwaka 1971 Tanzania ilipata Sheria ya Ndoa iliyounganisha ndoa za kimila, za Kiislamu, za Kikristo na za kiserikali chini ya paa moja. Kwa mambo mengi ilikuwa sheria ya maendeleo. Hata hivyo, kifungu chake cha 39 kilitaja kifafa cha kujirudia pamoja na wazimu, magonjwa ya zinaa yanayoambukiza na kushindwa kutimiza tendo la ndoa, kuwa sababu zinazoweza kuifanya ndoa ibatilishwe na mahakama. Kulikuwa na masharti; mlalamikaji alipaswa kuwa hakuijua hali hiyo alipofunga ndoa. Maneno ya kifungu yanafanana mno na yale ya sheria ya Uingereza ya mwaka 1937. Na katika mwaka huohuo wa 1971 Bunge la Uingereza lilikiondoa kifafa katika orodha yake ya sababu za kubatilisha ndoa. Tanzania huru iliandika katika vitabu vyake hofu ambayo mtawala wa zamani alikuwa akiifuta katika vyake. Kwa mwanaume mwenye kifafa kifungu hicho kilikuwa na ukali wa pekee, kwa sababu kiliweka kando kwa kando mambo mawili ambayo mwilini mwake huenda pamoja: kuanguka na upungufu wa nguvu za kiume.

Kwamba huenda pamoja, madaktari walianza kuliona wazi katikati ya karne ya 20. Mwaka 1954 Henri Gastaut na Henri Collomb wa Ufaransa walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 36 ambao kifafa chao kilianzia sehemu ya ubongo iliyo upande wa kichwa, karibu na sikio. Wengi wao, 26, walikuwa na hamu ndogo sana ya tendo la ndoa, na wengine hawakuwahi kulitamani. Hawakuwa wakilalamika, waliona hali hiyo kuwa ya kawaida. Collomb alihamia Dakar, Senegali, mwaka 1958 na kupata sifa katika hospitali ya Fann kwa kuwaheshimu waganga wa jadi na familia za wagonjwa. Hivyo mmoja wa watu wawili waliofungua mjadala huu aliishia kufanya kazi Afrika, ingawa kwa jambo lingine.

Maelezo ya kimwili yalikuja polepole. Sehemu hiyo ya ubongo imeungana kwa karibu na zile zinazoongoza homoni za uzazi, kwa hiyo mawimbi ya umeme wa kifafa huvuruga amri zinazoteremka hadi kwenye korodani. Mwaka 1978 Michael Trimble wa London alionyesha kwamba baada ya mtu kuanguka, homoni ya prolaktini hupanda ghafla katika damu. Prolaktini ikiwa juu kwa muda mrefu hupunguza hamu na huzuia uume kusimama vizuri. Anayeanguka mara kwa mara, basi, hudhurika kwa ugonjwa wenyewe kabla hajameza kidonge chochote.

Kisha zipo dawa. Fenobabitoni, fenitoini na kabamazepini huliamsha ini lifanye kazi kwa kasi kuliko kawaida. Ini hilo hutengeneza kwa wingi protini inayoishika testosteroni, homoni ya kiume, na pia huivunja homoni hiyo haraka. Testosteroni yote ikipimwa kwa pamoja huweza kuonekana iko sawa, ilhali ile iliyo huru, inayofanya kazi, imepungua. Mwanaume huhisi uchovu, hamu hupotea, uume husimama kwa shida au hulegea katikati ya tendo. Mwaka 1985 timu ya Richard Mattson nchini Marekani ilichapisha matokeo ya kulinganisha dawa nne kwa wagonjwa 622, wengi wao wanaume waliowahi kuwa askari. Primidoni ndiyo iliyolalamikiwa zaidi kwa kupunguza hamu na nguvu za kiume. Primidoni ikiingia mwilini hugeuka kwa sehemu kuwa fenobabitoni, dawa ileile ya Mahenge. Mwaka 2004 watafiti wa Oulu, Ufini, wakiongozwa na Jouko Isojärvi, waliripoti mbegu za kiume zenye kasoro za umbo na mwendo kwa wanaume waliotumia kabamazepini na valproeti. Kasoro hizo hazimaanishi kwamba mwanaume hawezi kuzaa, wengi huzaa. Zinaeleza kwa nini baadhi ya ndoa husubiri mtoto kwa muda mrefu huku mke ndiye anayelaumiwa na kupelekwa kwa waganga.

Sababu ya tatu haionekani kwa kipimo cha damu. Huzuni nzito, hofu ya kuanguka mbele ya mke katikati ya tendo, na aibu ya miaka ya kula peke yake hukausha hamu hata pale homoni zilipo sawa. Tafiti za nchi mbalimbali zimekuta kwamba kati ya theluthi moja na theluthi mbili za wanaume wenye kifafa wana tatizo fulani katika tendo la ndoa. Tofauti hiyo kubwa inatokana na namna wanavyoulizwa, na kama wanaulizwa.

Ulanga ilirudi katika kumbukumbu za kisayansi kwa kazi ya madaktari wa Kitanzania. Henry Rwiza, William Matuja na wenzao walipita vijiji 11 vya wilaya hiyo, wakachunguza watu 18,183, na mwaka 1992 wakaripoti wagonjwa 207, ambao 185 kati yao walikuwa na kifafa kilicho hai, yaani 10.2 kwa kila watu 1,000. Wastani huo unaficha jambo: kijiji kimoja kilikuwa na 5.1 tu, kingine 37.1. Mwaka uliofuata walitoa utafiti wa maoni ya watu 3,256 wa vijijini. Asilimia 40.6 waliamini kifafa huambukiza kwa kugusana, pumzi, hewa ya tumboni au kula pamoja. Asilimia 62.7 wasingemruhusu mtoto mwenye kifafa kwenda shule. Nusu tu, asilimia 50.8, waliona dawa za hospitali zinafaa. Miaka zaidi ya 30 tangu kliniki ya Mahenge ifunguliwe, hofu ya sahani na kitanda ilikuwa bado ipo.

Katika orodha ya vyanzo vilivyotajwa na wanavijiji hao imo ngiri, na jibu hilo linafaa kusikilizwa. Katika tiba za kienyeji, ngiri na mshipa ni maradhi ya mwanaume: kinena, korodani, kiuno, na nguvu za tendo la ndoa. Mabusha yanayoletwa na matende, ugonjwa uliozoeleka katika maeneo ya mito na pwani, yameitia nguvu dhana hiyo. Aliyesema kwamba kifafa hutokana na ngiri alikuwa akieleza kwa lugha yake alichokiona, kwamba wanaume wanaoanguka huwa pia na shida sehemu hizo. Chanzo alichokitaja sicho, lakini uhusiano aliouona upo.

Swali la kwa nini kifafa ni kingi Mahenge kuliko kwingine lilielekea mtoni. Usubi, ugonjwa unaoletwa na minyoo inayosambazwa na inzi wadogo weusi wanaozaliana kwenye maji yanayokwenda kasi, umeenea katika vijito vinavyoteremka kutoka nyanda za juu za Mahenge. Mahali pengi Afrika penye usubi mwingi pana kifafa kingi kinachoanza utotoni, na ushahidi wa miaka ya karibuni unaviunganisha viwili hivyo, ingawa namna minyoo inavyouathiri ubongo inaendelea kuchunguzwa. Malaria kali, majeraha ya kuzaliwa na minyoo ya nguruwe huongeza idadi.

Kwa afya ya uzazi ya wanaume, sura hii ya usubi ndiyo nzito kuliko zote. Mwaka 1950 madaktari Raper na Ladkin walieleza nchini Uganda, karibu na msitu wa Mabira, hali iliyoitwa Nakalanga: watoto hudumaa, wengine hupata kifafa, na wakifika umri wa kubalehe hawabalehi. Kijana wa miaka 20 anaonekana kama mtoto wa miaka 12, bila ndevu, bila sauti nzito, na sehemu za siri zikiwa bado za kitoto. Hali hiyo imeonekana tangu hapo katika maeneo mengine yenye usubi na kifafa. Kwa kijana wa namna hii, kuzungumzia upungufu wa nguvu za kiume ni kuchelewa. Utu uzima wenyewe haukumfikia.

Habari njema ni kwamba ugonjwa huu unazuilika. Tangu mwaka 1997 dawa ya Mectizan imekuwa ikigawiwa Mahenge kila mwaka na wanavijiji waliofundishwa, kipimo kikikadiriwa kwa urefu wa mtu. Hata hivyo, uchunguzi wa mwaka 2017 uliofanywa na Bruno Mmbando na wenzake katika vijiji vinne ulikuta kwamba takriban asilimia 2.5 ya wakazi walikuwa na kifafa, na katika vijiji viwili vya ndani zaidi, Mdindo na Msogezi, asilimia 3.5. Miaka 20 ya ugawaji haikutosha, kwa sababu wengi walikuwa hawaimezi kila mwaka. Mwaka 2019 dawa hiyo ilianza kugawiwa mara mbili kwa mwaka, na visa vipya vya kifafa vikapungua. Kila mtoto wa kiume anayeimeza bila kukosa anajilinda na zaidi ya muwasho na upofu.

Uchindile ina historia yake ya njia. Hadi miaka ya 1970 kutoka huko hadi Ifakara ilikuwa safari ya miguu ya siku kadhaa. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 kwa msaada wa China, ilipita bondeni hadi Mlimba kisha ikapanda milima kuelekea Makambako, kipande kigumu kuliko vyote vya njia ile ya kilomita 1,860, chenye mahandaki na madaraja mengi. Upande wa Ulanga wagonjwa walivuka mto kwa kivuko hadi lilipojengwa daraja la Kilombero, lenye jina la Magufuli, lililozinduliwa mwaka 2018. Umbali huu hauko pembeni mwa habari ya kifafa. Fenobabitoni inayokosekana kwa wiki moja tu inaweza kuleta mfululizo wa kuanguka usiokatika, nao huua. Mwanaume anayelazimika kupanda treni au kulipia bodaboda kufuata vidonge kila mwezi hufika kwa mhudumu akiwa na swali moja kubwa, kama dawa ipo. Swali la chumbani hubaki kifuani.

Likibaki kifuani huenda sokoni. Tanzania ina biashara kubwa ya dawa za nguvu za kiume: mizizi, maganda, unga uitwao vumbi la Kongo, na vidonge visivyo na maelezo. Hatari yake kwa mwenye kifafa ni ya aina mbili. Mchanganyiko usiojulikana unaweza kuchochea kuanguka au kugongana na dawa anazotumia. Na hata dawa halali ya hospitali, sildenafili, huvunjwa upesi na ini lililochangamshwa na fenobabitoni au kabamazepini, ikaonekana haifanyi kazi, na mtu akazidisha dozi kwa ushauri wake mwenyewe. Pombe nayo, iwe ulanzi wa Mufindi au gongo ya bondeni, hupunguza nguvu za kiume na kuleta kuanguka kwa wakati mmoja.

Virusi vya Ukimwi (VVU) viliongeza jambo jingine. Kliniki ya magonjwa sugu iliyoanzishwa mwaka 2005 katika Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara, imehudumia maelfu ya watu wanaoishi na VVU kutoka Kilombero na Ulanga. Dawa ya dolutegraviri, ambayo sasa ndiyo kuu nchini, hupungua nguvu ikitumiwa pamoja na fenobabitoni, fenitoini au kabamazepini, na kabamazepini inapotumika dozi ya dolutegraviri huhitaji kuongezwa iwe mara mbili kwa siku. Mwanaume anayeficha kifafa chake katika kliniki ya VVU, au VVU katika kliniki ya kifafa, huweza kushindwa na matibabu yote mawili. Kuficha huko kunatoka katika aibu ileile ya sahani iliyotengwa.

Mengi ya matatizo haya yanatibika hata pasipo vifaa vikubwa. Hatua ya kwanza ni kudhibiti kuanguka kwa dozi sahihi. Ya pili ni kupima kisukari na shinikizo la damu, ambavyo huleta upungufu uleule wa nguvu za kiume, na kutibu huzuni inapokuwapo. Tatizo likiendelea, daktari anaweza kubadilisha dawa kidogo kidogo na kuweka zisizolichangamsha ini, kama lamotrijini au levetirasetamu, pale zinapopatikana, na kupima testosteroni asubuhi. Wenzi wapewe ukweli kuhusu watoto: baba mwenye kifafa huzaa, na idadi kubwa ya watoto wake hawapati ugonjwa huo kamwe. Kifafa hakipiti kwa mate, kwa jasho wala kwa tendo la ndoa.

Muuguzi au tabibu wa zahanati anayetoa vidonge vya kifafa na aulize pia, faraghani na kwa lugha ya heshima, kuhusu hamu, nguvu na watoto. Swali hilo halina gharama, na mgonjwa wa kiume mara nyingi hataanza mwenyewe. Naye mwanaume wa Uchindile, Mlimba, Ifakara au Mahenge anayeona mabadiliko tangu aanze dawa asiziache ghafla hata siku moja. Aseme, asubiri zibadilishwe taratibu, na amlete mke wake asikie maelezo pamoja naye.